Nani Kalivua Tangi?

Shemeji: Haloo? Haloo, nani mwenzangu? Kioo cha simu kimepasuka, sioni jina.

Fundi: Ungeliona ungepokea?

Shemeji: Aa! Shemeji fundi! Ningeachaje kupokea? Habari za asubuhi?

Fundi: Nzuri. Za nyumbani? Dada yangu hajambo?

Shemeji: Hajambo kabisa. Nimemwacha nyumbani, anangoja mzigo wake. Na wewe, gereji inakwendaje?

Fundi: Inakwenda. Nimekaa juu ya tairi, natazama barabara.

Shemeji: Leo hakuna kazi?

Fundi: Kazi zipo. Naziona zikija, zikikaribia hapa zinavuka ng'ambo.

(mtandao unakwaruza)

Shemeji: Sijakusikia vizuri, shemeji, mtandao huku bondeni—

Fundi: Umenisikia.

Shemeji: ...Nimekusikia.

Fundi: Haya. Gari halijambo?

Shemeji: Gari gani?

Fundi: Una mangapi? Hiyo pikapu. Hiyo niliyoijua kabla hujamjua dada yangu.

Shemeji: Aa, pikapu! Haijambo. Mzee wa kazi. Inakohoa kidogo asubuhi kama sisi sote, lakini—

Fundi: Maana juzi niliiona imesimama mahali.

Shemeji: Gari ni la kusimama, shemeji. Likisimama si kosa.

Fundi: Ilikuwa haina tangi.

Shemeji: Eti?

Fundi: Imeinuliwa juu ya magogo, na tangi liko chini, juani, kama mtu aliyevuliwa nguo mbele ya wakwe. Nikajiuliza, jamani, nani kalivua tangi? Tangi nililolifunga mwenyewe kwa mkono wangu, boliti kwa boliti. Hata ile moja yenye kichwa kilicholika, mimi ndiye ninayejua inafunguliwaje. Nani kalivua?

Shemeji: Ulipita pale?

Fundi: Nilikuwa nakwenda kununua sabuni.

Shemeji: Duka la sabuni liko upande wako wa barabara.

Fundi: Nilitaka sabuni ya aina nyingine.

Shemeji: Mara tatu?

Fundi: Nani kakwambia mara tatu?

Shemeji: Nilikuwa nimelala chini ya gari, nashika taa. Nikaviona viatu vyako. Hicho cha kushoto ulichokishona kwa waya. Vikapita, vikarudi, vikapita tena.

Fundi: Kumbe ulinijua ukanyamaza.

Shemeji: Na wewe ulinijua ukapita.

Fundi: Huko nyuma yako kuna nini kinalia? Ni redio?

Shemeji: Ni vifaranga. Mia tatu, wa siku moja. Ndio mzigo wenyewe wa dada yako. Nimewafuata kwa yule mtotoleshaji tangu alfajiri, sasa ninarudi. Nimesimama kidogo hapa darajani niwafungulie hewa.

Fundi: Wa dada yangu.

Shemeji: Ndiyo. Ameshawasha mkaa bandani, ametandika maranda ya mbao, amekaa mlangoni kama anangoja posa. Wale wa kwanza si uliwasikia yaliyowapata?

Fundi: Nilisikia walikufa. Nilidhani ni baridi.

Shemeji: Baridi gani, shemeji! Ni petroli. Tangi lilikuwa linavuja pale kwenye mshono, sakafu ya gari imetoboka kwa kutu, harufu yote inapanda kwenye kibini nilimowapakia. Mimi nilishuka kichwa kinaniuma, wao walishuka hawana vichwa vya kuuma. Mia mbili! Dada yako hakulia. Aliwafukia mmoja mmoja, akanawa mikono, akaniambia, safari ijayo tangi lizibwe au niwabebe kichwani.

Fundi: Nililiziba.

Shemeji: Kwa sabuni.

Fundi: Sabuni ya mche huziba tangi. Baba yangu aliziba kwa sabuni, na magari yake yalikwenda.

Shemeji: Huziba siku mbili, shemeji. Ya tatu inalainika. Nikija kwako unaniambia, njoo kesho nitalishusha. Kesho nikija, njoo keshokutwa. Nimekuja wiki tatu! Vifaranga hawana kesho. Tarehe yao ikifika wameanguliwa, ukipenda usipende.

Fundi: Kwa hiyo ukavuka barabara.

Shemeji: Mimi nilitaka kungoja. Ni dada yako aliyeniambia—

Fundi: Aliyekuambia nini?

Shemeji: Basi, yameisha.

Fundi: Hayajaisha. Alikuambia nini?

Shemeji: Alisema... peleka kwa yule binti.

(kimya)

Shemeji: Haloo? Shemeji? Upo?

Fundi: Nipo. Damu yangu mwenyewe. Nilimbeba mgongoni huyo, akiogopa mbwa.

Shemeji: Hakusema kwa ubaya.

Fundi: Na huyo binti nilimpokea mimi. Alikuja hajui tofauti ya nati na boliti. Akishika spana anaishika kama mwiko. Nani alimfundisha kusikiliza injini akiwa amefumba macho? Nani alimwambia chuma kikigoma usikipige, kiombe? Leo amefungua gereji, tena wapi? Ng'ambo yangu! Nikiinua kichwa namwona. Kapaka ukuta rangi ya buluu.

Shemeji: Miaka mitano alikuwa anakuoshea vyuma tu, shemeji. Hukumpa hata kufungua kabureta peke yake.

Fundi: Alikuwa bado.

Shemeji: Ilikuwa bado mpaka wateja walipoanza kumuulizia yeye.

Fundi: Haya, umekuwa wakili wake. Alikulipa kwa soda?

Shemeji: Hakunipa soda. Alinipa kiti.

Fundi: Kiti!

Shemeji: Cha kuegemea.

Fundi: Hongera. Kwangu umekalia tairi miaka tisa, hukuwahi kulalamika. Sasa umeonja mgongo wa kiti.

Shemeji: Shemeji, acha wivu bwana. Gari si mke.

Fundi: Nani ana wivu? Nimeuliza kuhusu tangi. Sina haki ya kuuliza kuhusu tangi? Haya, niambie. Alilifanyaje? Najua alilichoma moto akaliharibu.

Shemeji: Kwanza alilikausha, akaliosha kwa maji ya moto na sabuni—

Fundi: Ahaa! Sabuni!

Shemeji: Ya kuoshea, si ya kuzibia. Akalijaza maji mpaka karibu na mshono ili mvuke usilipuke, ndipo akachomelea. Akalijaribu kwa pumzi na povu. Akatia rangi. Boliti zangu kila moja akaiweka kwenye kopo, na kila kopo kaliandika. Ile yenye kichwa kilicholika akaitupa, akaweka mpya.

Fundi: Akaitupa?

Shemeji: Ililika, shemeji.

Fundi: Ilikuwa inanijua.

Shemeji: Na mshale wa mafuta je! Si unakumbuka ulivyokuwa unacheza ngoma? Ukiingia shimo unapanda, ukitoka unashuka. Sasa umetulia, unashuka taratibu, adabu tupu. Hata kioo cha geji alikifuta, nikagundua kuna herufi pale sikuwahi kuziona.

Fundi: Mshale.

Shemeji: Ndiyo.

Fundi: Aligusa mshale?

Shemeji: Hakugusa mshale, aligusa lile boya la ndani ya tangi. Si ndilo linalousukuma mshale? Alipolitoa, akasema waya wake umepinda, akaunyoosha.

(mtandao unakwaruza)

Fundi: Akaunyoosha.

Shemeji: Kwa dakika mbili tu. Akaupima na rula.

Fundi: Alisema umepindwa na nani?

Shemeji: Upindwe na nani ndani ya tangi, samaki? Alisema ni uzee na kutu.

Fundi: Uzee na kutu.

Shemeji: Ndivyo alivyosema.

Fundi: Na sasa hivi... mshale unasema nini?

Shemeji: Umelala.

Fundi: Umelala tangu wapi?

Shemeji: Tangu pale njia panda, nilipokipita kile kituo cha mafuta. Lakini mimi si mgeni wa gari langu! Miaka tisa ninaliendesha. Mshale ukilala, mwingine anatetemeka, mimi ninakunja miguu. Najua bado ninafika nyumbani na kesho yake ninakwenda sokoni. Hii pikapu ina baraka. Watu wananiuliza, unaendeshaje na mshale umelala? Nawaambia, gari huzoeana na mtu.

Fundi: Hukujaza pale kituoni.

Shemeji: Nijaze ya nini? Kulikuwa na foleni, na vifaranga wanapata joto. Nitajaza nikifika.

Fundi: Uko darajani kule bondeni. Mbele yako kuna mlima wa nyoka, kona juu ya kona.

Shemeji: Na kuteremka, halafu tambarare, halafu dada yako na maranda yake.

Fundi: Na ukikwama pale mlimani...

Shemeji: Nikwame kwa nini?

Fundi: Nasema ukikwama. Utamlaumu nani?

Shemeji: Si aliyelifungua mwisho! Lakini sikwami. Alilitengeneza vizuri yule binti, tuseme ukweli wa Mungu. Umekasirika?

(kimya)

Fundi: Haya, shemeji. Usiwacheleweshe vifaranga. Safari njema.

Shemeji: Asante. Tusiwekeane moyoni, eh? Nitakuja nikuletee mayai wakikua. Nikifika tu nitamwambia dada yako kwamba umepiga, umemuulizia yeye na vifaranga wake. Atafurahi, maana anadhani umemnunia. Ngoja nipande, nitie ufung—

Fundi: Usiwashe.

Shemeji: Eh?

Fundi: Usiwashe hilo gari! Toa ufunguo! Umewasha?

Shemeji: Sijawasha, nilikuwa ndio—

Fundi: Toa ufunguo, uweke mfukoni.

Shemeji: Nimetoa. Nini, shemeji? Unanitisha. Breki? Kuna kitu umekiona?

Fundi: Huna mafuta.

Shemeji: Ninayo. Nimekwambia, hii ukilala—

Fundi: Huna! Zamani ulikuwa nayo. Zamani mshale ulikuwa unakudanganya. Ukilala, robo ya tangi bado iko chini, inakungoja. Sasa ukilala umelala kweli, kama maiti.

Shemeji: Unajuaje wewe?

Fundi: Najua.

Shemeji: Unajuaje, shemeji?

Fundi: Kwa sababu waya ule niliupinda mimi.

(vifaranga wanasikika)

Shemeji: Wewe.

Fundi: Vidole viwili. Kwa plaizi.

Shemeji: Lini?

Fundi: Mwaka ule wa kwanza wa ndoa yenu. Ulipoishiwa mafuta kule machimboni. Unakumbuka ulikuwa na nani?

Shemeji: ...Nakumbuka.

Fundi: Tumbo la miezi minane. Alitembea kutoka machimboni mpaka kwangu, jua la saa saba, viatu ameshika mkononi kwa sababu miguu imevimba haiingii. Wewe ulibaki unalinda gari! Alipofika hakukushtaki. Alisema tu, kaka, yule mume wangu kila kituo anasema nitajaza mbele. Nikampa maji. Kesho yake nikakuambia, lete gari nitie mafuta bawaba za mlango.

Shemeji: Nakumbuka bawaba. Hazikulia tena.

Fundi: Nilifungua tangi pia. Nikasema moyoni, huyu mtu kumwonya ni kumwagia bata maji. Basi nitampa akiba asiyoijua. Sikukuambia, maana ningekuambia ungeila.

Shemeji: Kwa hiyo miaka tisa...

Fundi: Ulikuwa unaendesha kwa akiba yangu. Siku za mwanzo ulikuwa ukiona mshale umelala unakimbilia kituo, nami nikifurahi. Halafu ukaanza kuzoea. Ukaanza kuniambia gari lako lina baraka.

Shemeji: Nimewaambia watu, shemeji. Nimewaambia watu sokoni!

Fundi: Najua. Nilikuwepo.

Shemeji: Ukanyamaza! Ukanitazama nikijisifu kama jogoo, nawe unajua!

Fundi: Ulikuwa unafurahi. Ningekuharibia ya nini?

(mtandao unakwaruza)

Shemeji: Subiri. Subiri kwanza. Mimi nimekuambia boya limenyooshwa. Nimekuambia mshale umelala. Nimekuambia mlima uko mbele.

Fundi: Umeniambia.

Shemeji: Ukaniambia safari njema.

(kimya)

Shemeji: Haloo?

Fundi: Nipo.

Shemeji: Ulisema safari njema, shemeji.

Fundi: Nilisema. Kuna kivuli hapo?

Shemeji: Usinibadilishie—

Fundi: Vifaranga, bwana! Saa nne hii, jua linapanda. Kuna kivuli?

Shemeji: ...Kuna chini ya daraja. Mto umekauka, kuna mchanga.

Fundi: Washushe huko. Maboksi uyaachanishe, yasipandane. Kabla ya hapo lakini, tupime. Nenda ubavuni kwa gari, upande wa tangi. Weka bega, litikise. Halafu weka sikio kwenye tangi usikilize.

Shemeji: Nitikise gari zima?

Fundi: Chai ulikunywa, au ulipewa kiti tu?

Shemeji: Ngoja. Nimeiweka simu kwenye mfuko wa shati. Hhh! Hhh!

Fundi: Sikio! Weka sikio!

Shemeji: Nawasikia vifaranga.

Fundi: Sikio lingine lizibe kwa kidole.

Shemeji: ...Kuna kitu. Kidogo. Kama maziwa ya mwisho kwenye kibuyu.

Fundi: Basi lita moja, mbili hazifiki. Ungepanda mlima nazo zingekimbilia nyuma ya tangi, na bomba linanyonya kwa mbele. Ungezimikiwa kwenye kona ya tatu, lori nyuma yako, vifaranga juani.

Shemeji: Nirudi kituoni?

Fundi: Na huko si kuna kilima cha mawe? Ni yaleyale tu. Hakuna gari linalopita?

Shemeji: Limepita basi, dereva akanipungia mkono. Na lori la kokoto, lakini lile ni la dizeli. Sikiliza, nikuambie kitu. Yule binti aliniambia.

Fundi: Alikuambia nini?

Shemeji: Nilipokuwa naondoka. Alisema, kabla hujasafiri mpitie mwalimu wangu, muulize habari za mshale. Nikasema sawa. Lakini ningekupitiaje? Nimelivua tangi kwa mwingine, nije kwako nikuulize mshale? Ningekutazama na uso gani? Nilizunguka kwa njia ya nyuma ili usinione.

Fundi: Alisema mwalimu wangu?

Shemeji: Ndivyo anavyokuita. Hujui?

Fundi: Nitajuaje? Hatusalimiani.

Shemeji: Anakuita hivyo kwa kila mtu. Mwalimu wangu alisema hivi, mwalimu wangu alifunga vile. Mpaka inachosha. Shemeji, salio lako linatosha? Tufanye nini? Una dumu?

Fundi: Dumu ninalo, la lita kumi. Petroli nitainunua hapo kona. Usafiri ndio sina. Baiskeli yangu unaijua.

Shemeji: Yule binti ana pikipiki.

Fundi: Najua ana pikipiki. Naiona hapa nilipokaa. Kaiosha tena leo, sijui inakwenda harusini.

Shemeji: Basi vuka.

Fundi: Nitampigia mtu mwingine.

Shemeji: Nani?

Fundi: Yule muuza mkaa ana—

Shemeji: Yule alisafiri. Shemeji! Wameanza kutweta hawa. Midomo wazi. Vuka!

Fundi: Usinipigie kelele. Nimesimama. Natafuta dumu.

Shemeji: Liko wapi?

Fundi: Mkononi.

Shemeji: Sasa vuka! Mimi nateremsha maboksi huku, simu iko shingoni. Vuka, unanisikia?

Fundi: Ngoja bajaji ipite. ...Nimevuka. Yupo chini ya lori, naona miguu tu.

Shemeji: Muite.

Fundi: Yuko kazini. Mtu aliye chini ya gari haitwi ghafla, atajigonga kichwa. Nilimfundisha mwenyewe.

Shemeji: Mia tatu, shemeji. Mia tatu, na dada yako mlangoni.

Fundi: Hodi! ...Hodi hapa! Ametoka. Anafuta mikono. Ananitazama.

Shemeji: Sema sasa.

Fundi: Nimsemeje?

Shemeji: Kama ulivyonisema mimi!

Fundi: Eeh... habari za kazi. Shemeji yangu yuko darajani bondeni, hana mafuta. Ana vifaranga. Lile boya... lile boya halikupinda kwa uzee. Lilipindwa na— ...Eti?

Shemeji: Anasemaje?

Fundi: Anasema anajua.

Shemeji: Anajua nini?

Fundi: Plaizi yangu ina jino lililovunjika, inang'ata chuma alama mbili. Aliziona kwenye waya. Anasema akazitambua hapohapo, maana aliosha vitu vilivyong'atwa na hiyo plaizi miaka mitano.

Shemeji: Sasa mbona mimi aliniambia ni kutu? Shemeji? Muulize, mbona aliniambia ni kutu?

Fundi: Simuulizi.

Shemeji: Muulize tu—

Fundi: Nimesema simuulizi! Ameshaingia ndani. Ametoka na mpira wa kuvutia mafuta. Amechukua faneli, nilisahau faneli. Anawaambia wenye lori wangoje. Lori, shemeji, mteja mkubwa, anamwambia angoje.

Shemeji: Mungu ambariki. Atachukua muda gani?

Fundi: Atachukua? Tutachukua. Anasema ninakwenda naye.

Shemeji: Wewe? Kwenye pikipiki yake?

Fundi: Anasema ukinywesha kabureta iliyokauka, pikapu hii haiwaki kwa ufunguo, inataka mkono wa anayeijua. Anasema yeye haijui.

Shemeji: Mbona juzi aliiwasha vizuri tu?

Fundi: ...Aliiwasha?

Shemeji: Mara moja tu, ikashika.

Fundi: Vifaranga vipi?

Shemeji: Nimewateremsha maboksi mawili, bado moja. Huku chini kuna ubaridi. Mmoja hajisikii vizuri, nimemweka kifuani ndani ya shati. Ananikwaruza.

Fundi: Wape maji kwa kizibo cha chupa. Kidogo kidogo, usiwaloweshe. Chovya mdomo wa mmoja, wengine wataiga.

Shemeji: Sawa. Njooni haraka.

Fundi: Nimepanda. Dumu liko katikati yetu, tutalijaza pale kona. Anasema nimshike kiunoni, barabara mbaya. Nimemwambia nitashika chuma hiki cha nyuma.

Shemeji: Mshike, utaanguka!

Fundi: Sijaanguka kwenye— ...Haya, nimeshika koti. Sikiliza. Salio linalia, tii tii. Nikifika nikupindie tena ule waya?

Shemeji: Hapana. Niachie ulivyo. Nitakuwa ninajaza.

Fundi: Hutajaza.

Shemeji: Sitajaza. Lakini uniachie hivyohivyo, nijue ninapokosea.

Fundi: Basi nijibu moja kabla hatujakatika. Moja tu.

Shemeji: Uliza upesi.

Fundi: Tangi likivuja tena. Si leo, mwakani, wakati wowote. Utalipeleka kwa nani?

Shemeji: Shemeji, jamani! Vifaranga wanatweta, mimi nimepiga magoti mchangani, wewe unaniuliza—

Fundi: Jibu.

Shemeji: Tangi likivuja nitalipeleka kwa—

(mlio wa simu kukatika)

Fundi: Haloo? Kwa nani? Haloo, shemeji! ...Imekatika. Hapana, binti, hakumaliza. Sijui. Hakusema nani. Washa, twende.